Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwatembeza Wageni KICC

Saa mbili asubuhi. Wenye ofisi zao mnarani mwa KICC, Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, wanakimbilia lifti. Sisi waongoza wageni tunasubiri kivulini.

Saa tatu. Kundi la kwanza ni wanafunzi wa ujenzi. Kama kawaida, wanataka kwenda juu moja kwa moja. Nawazuia kwanza uwanjani, maana ukianzia juu utaona Nairobi yote ila jengo lenyewe. Tazameni, nawaambia: huu ni mnara, ule ni ukumbi wa duara wenye paa lenye umbo la pia, na chini yake ni jukwaa pana lenye kumbi za mikutano. Msichana mmoja anasema paa lile ni kama nyumba ya msonge. Sawa kabisa, ingawa wapo wanaoliona ua lililofumba.

"Mwalimu, kwa nini majengo haya hayafanani?"

Swali zuri. Mwanzoni ilitakiwa makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala, tu. Michoro ilikuwa ya Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, akishirikiana na David Mutiso, Mkenya. Ujenzi ulianza 1967. Kisha Nairobi ikachaguliwa kupokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa 1973, na ofisi za chama hazingetosha wajumbe wa dunia nzima. Ramani ikakua: kumbi zikaongezwa, mnara ukarefushwa. Mzee Jomo Kenyatta akafungua jengo Septemba 1973, na mwezi huohuo Robert McNamara, rais wa benki hiyo, akahutubia humo kuhusu umaskini wa vijijini. Kwangu mimi mkutano ule ndio mchoraji wa tatu.

Saa tano. Haya, juu sasa. Lifti, halafu ngazi, mpaka kwenye uwanja wa helikopta. Ghorofa 28, mita 105. Mgahawa wa huku juu ulijengwa uwe unazunguka. Tunaona vilima vya Ngong, na karibu zaidi Times Tower, lililoipokonya KICC sifa ya urefu. Picha, picha, picha.

Saa saba. Chakula.

Saa nane na nusu. Mzee mmoja na mkewe wanasimama mbele ya sanamu ya Kenyatta aliyeketi. Mama anatoa noti kwenye mkoba kulinganisha. Noti zote za 2019 zina picha ya KICC, na sanamu imo ndani ya picha. Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye pesa, kwa hiyo watu walienda kortini. Mahakama Kuu ikaitupa kesi mwaka huohuo wa 2019.

"Lakini si ni yeye huyu, kijana wangu?" mama ananiuliza.

Ni yeye, mama. Binafsi naona mpiga picha angeweza kusogea kidogo kushoto.

Saa kumi. Ukumbi wa duara. Viti vimepangwa kwa ngazi kuuzunguka ukumbi, na hapa hata wenye simu mkononi hutulia. Nawaeleza kuhusu Desemba 2015, mawaziri wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, walipokutana KICC, mara ya kwanza Afrika.

Tukitoka, mzee ananivuta pembeni: siku zile za chama kimoja jengo hili lilikuwa la nani hasa? Namjibu kwamba KANU walilishika hadi 2003, serikali mpya ya muungano wa vyama wa NARC ilipolitwaa. Anacheka. Alikuwa na kadi ya chama, anasema, na hakuwahi kuruhusiwa kupita getini.