Narejea mji wangu wa kubuni

Nimeanza riwaya mpya katika mji nilioubuni kwa kitabu changu cha kwanza, mji ulioigwa kutoka magofu ya Takwa kisiwani Manda, ambayo wenyeji wake waliyahama katika karne ya 17. Sikurudi kuendeleza kisa kilekile. Msimulizi sasa ni binti wa fundi wa nakshi, ambaye hapo awali alipita mlangoni mara moja tu, amebeba patasi ya babake, na wasomaji wangu hapa Lamu hawajaacha kuniuliza habari zake. Jana usiku nilimwandika akichonga ubao wa mbambakofi, vumbi limemganda kwenye kope, nikafurahi mno kumsikia hatimaye akisema. Bado sijaamua kama atahama pamoja na wenzake.