Daftari la Wanachama

Mwaka 2018, klabu yetu ndogo ya mpira mjini Nakuru ilikuwa imekaa miaka mitano bila mkutano mkuu. Mwenyekiti alikuwa yuleyule, mweka hazina alikuwa shemeji yake, na mapato ya mlangoni hayakuwahi kusomwa mbele ya mtu yeyote, ingawa sisi tulioketi uwanjani Afraha kila mechi ya nyumbani tuliwaona watu wakilipa. Wachezaji walikuja mazoezini kwa miguu kutoka mtaa wa Kaptembwo, wengine hawajanywa hata chai, na hilo lilituuma kuliko kufungwa.

Tukaamua kukusanya saini. Kwa majuma manne tulisimama langoni na karatasi zetu, na waendesha bodaboda, wauza njugu na walimu wakaandika majina yao. Tulidai mambo mawili tu, yaani hesabu zilizokaguliwa na tarehe ya uchaguzi.

Jumatatu tuliyopeleka barua, watu sita tulipanda ngazi hadi ofisi ya klabu, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Katibu alitupokea kwa adabu, akaisoma barua yote, kisha akatoa daftari lenye jalada gumu na kuanza kulinganisha majina, moja baada ya jingine, kwa muda ulionielemea. Katiba ya klabu iliruhusu mkutano maalumu uitishwe na theluthi moja ya wanachama waliolipa ada. Katika majina yetu zaidi ya mia mbili, yaliyoonekana daftarini yalikuwa tisa. Langu halikuwamo. Halikuwamo pia la mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyeishangilia timu hiyo tangu kabla sijazaliwa.

“Mwanangu,” mzee akamuuliza katibu, “kama simo humo, mimi ni nani hapa?”

Katibu hakujibu.

Mwenzetu mmoja, karani, alikuwa amesoma Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, inayompa Msajili wa Michezo kazi ya kuandikisha vilabu na iliyounda pia baraza la kuamua migogoro ya michezo. Vijana wakataka twende huko moja kwa moja. Mzee akakataa, na hadi leo naamini alikuwa na haki, kwa sababu malalamiko ya watu wasio wanachama yangekuwa mepesi mno mbele ya baraza lolote. Akatoa shilingi mia tatu, ada ya mwaka, akaziweka mezani. Katibu akasema kitabu cha risiti kimekwisha. Mzee akavuta kiti, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba atangoja.

Tulingoja karibu saa mbili. Mwishowe kijana wa dukani akatumwa kununua kitabu kipya, na risiti ya kwanza ikaandikwa jina la mzee, ya pili langu. Kufikia Jumamosi foleni ya walipa ada ilikuwa imeshuka ngazi na kufika barabarani, na katibu, ambaye sasa mkono ulimuuma kwa kuandika, alituomba mtu wa kumsaidia.

Mkutano ulifanyika miezi mitatu baadaye katika ukumbi mmoja mtaani Bondeni. Hesabu zilisomwa huku mweka hazina akitazama sakafu. Hoja ya kwanza baada ya hapo aliitoa mzee: nauli ya wachezaji wa Kaptembwo.