Nilivyokadiria watu wa Nakuru wa mwaka 2039

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika Kaunti ya Nakuru, na ya 2019 ikahesabu 2,162,202. Niligawa ya pili kwa ya kwanza, nikachukua LN (logi asilia) ya jibu, nikagawa kwa miaka 10: kasi ya ongezeko ni asilimia 2.99 kwa mwaka. Iendeleze miaka 20 na utapata milioni 3.93. Mpangaji wa maji akipewa tarakimu hiyo moja tu, ataishika kama hakika.

Kasi huteleza kiasi gani? Nilipima kwa nchi nzima. Kutoka 1999 hadi 2009 Kenya ilipanda kutoka 28,686,607 hadi 38,610,097, yaani asilimia 2.97 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, 2019 tungekuwa milioni 51.97. Sensa ikaleta 47,564,296, kasi ikiwa imeshuka hadi 2.09. Uzazi ulikuwa umepungua, lakini hesabu zenyewe pia zina lawama: matokeo ya 2009 ya wilaya nane za kaskazini yalizua mzozo mkubwa. Kaunti huyumba hata zaidi, kwa sababu watu huhamia na kuhama. Fikiria Naivasha, iliyo ndani ya Nakuru, na ajira za mashamba ya maua. Ndiyo maana nikaipa kasi mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi inavyoweza kutawanyika kutoka wastani) wa asilimia 0.6.

Kwenye Excel, safu ya A, mistari 10,000: =NORM.INV(RAND(),0.0299,0.006), yaani kila mstari unachota kasi moja kwa bahati nasibu. Safu ya B, idadi ya watu wa 2039 kwa kasi hiyo: =2162202*EXP(20*A1). RAND hubadilika kila ukigusa karatasi, kwa hiyo nakili ubandike thamani tupu, kisha utafute PERCENTILE ya 0.1 na ya 0.9 za safu ya B: asilimia 10 ya mistari iko chini ya ile ya kwanza, na asilimia 10 iko juu ya ile ya pili. Nilipata takriban milioni 3.37 na 4.59.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchota kasi mpya kwa kila mwaka. Miaka ya juu na ya chini hufutana, upana unasinyaa hadi kati ya milioni 3.80 na 4.07, na ripoti inapendeza. Si kweli hata kidogo! Uzazi ukishashuka haurudi juu mwaka unaofuata, na kasi ikikosewa leo itakuwa imekosewa miaka yote 20. Chota mara moja kwa kila mstari.

Bomba kuu na ardhi ni vigumu kuongeza baadaye, hivyo nilishauri vipimwe kwa watu milioni 4.6. Pampu na matangi yaanze na milioni 3.4, mengine yafuate sensa ijayo itakavyoonyesha.