Siku Kinubi Kilipoandikwa Ubaoni

Nilikuwa nasoma isimu chuoni, na semina ya siku hiyo ilihusu pijini na krioli. Mwalimu alianza kama kawaida: watu wasioelewana hukutana bandarini, shambani au kambini, wakajikuta lazima wafanye kazi pamoja, wakajiundia lugha ya kuelewana, yaani pijini. Watoto wakikua nayo ikawa lugha yao ya kwanza, hiyo tena ni krioli. Akataja Haiti, ambako katiba ya 1987 iliipa Krioli hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kifaransa, na Papua New Guinea, ambako wabunge hujadiliana kwa Tok Pisin, krioli ya huko.

Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyewahi kufundisha shule, aliinua mkono.

"Samahani mwalimu, hizi ni lugha za kuokoteza. Mtu anapachika maneno tu, mradi aeleweke. Sarufi iko wapi?"

Wengi waliafiki. Mimi niliudhika, lakini sikuwa na jibu la kumtosha.

Aliyejibu ni dada mmoja mkimya, Mnubi wa Kibera. Alisimama, akaomba chaki. "Kaka, kwetu tunazungumza Kinubi, krioli ya Kiarabu. Kama haina sarufi, njoo uitunge wewe."

Akaandika: "Ana gi ruwa", ninaenda. Chini yake: "Ana bi ruwa", nitaenda. Kisha akaongeza neno "kan", akaeleza kwamba kazi yake ni kulirudisha jambo nyuma, akamkabidhi chaki yule kaka aandike "nilikuwa naenda".

Kaka akaandika: "Ana gi kan ruwa."

"Hapana. Hata mtoto wa kwetu hasemi hivyo. Ni 'Ana kan gi ruwa'."

Hapo darasa lilichangamka. Dada akafuta vijineno vyote, akabakiza "Ana ruwa", akauliza maana yake. Tukasema naenda. Kumbe ni nilienda. Akaandika "Ana arufu", akatudokezea kwamba "arufu" ni kujua. Sote kwa sauti moja: nilijua! Akatikisa kichwa, safari hii akitabasamu. "Ni najua."

Mwalimu aliinuka kitini, akamwomba arudie. Kitenzi cha tendo, kama kwenda, kikiachwa kitupu huwa kimeshapita. Cha hali, kama kujua, kikiachwa kitupu ni cha sasa. Kanuni kamili, tena ya kina, na pale darasani hakuna aliyeibahatisha.

"Nani aliwafundisha?" yule kaka aliuliza, kwa heshima sasa.

Dada akatusimulia habari za wazee wake. Walikuwa askari wa utawala wa Misri kusini mwa Sudani, watu wa makabila mengi waliopokea amri kwa Kiarabu. Uasi wa Mahdi dhidi ya utawala huo ulipowakatia njia ya kaskazini, walibaki na gavana wao, Emin Pasha, katika mkoa wa Ikweta. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwaandikisha jeshini akawaleta Uganda, na baadaye familia zao zikakaa Bombo, hukohuko Uganda, na Kibera, Nairobi. Kambini hakukuwa na kitabu wala shule ya lugha hiyo. "Tulifundishwa na akina nyanya," alisema.

Naamini mpaka leo kwamba hoja ile haikuhitaji nyongeza, lakini kijana wa Eastlands, Nairobi, hakuweza kukaa kimya. Alisema Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, nayo husingiziwa hivyohivyo. Unasema "msee anadishi", yaani mtu anakula, na "wasee wanadishi", watu wanakula. Ukisema "msee wanadishi" unajulikana hapohapo kwamba umejifunzia njiani. Mwalimu alimkubalia, ila akatenganisha mambo mawili: pijini huwakutanisha wageni, ilhali lugha za vijana huwatambulisha wenyeji na kuwaacha wengine nje. Ndiyo maana hazitulii. Alitaja vijana wa Ufaransa wanaopindua silabi: "femme", yaani mwanamke, wakaifanya "meuf", na neno lilipozoeleka kwa kila mtu, wakalipindua tena likawa "feumeu".

Muda ulikuwa umekwisha na wanafunzi wa kipindi kingine walishajaa mlangoni. Mwalimu alitoa kazi ya wiki iliyofuata akiwa amesimama: kila mmoja alete sentensi za lugha ya nyumbani kwao ambazo mwenyeji hawezi kuzisema, na aeleze ni kanuni gani imevunjwa. Yule kaka alikuwa bado ananakili kilichoandikwa ubaoni, na dada akimsubiri amalize ndipo afute.