Siku moja maishani mwangu: nesi wa kemo (dawa za saratani), Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, kiazi kitamu, kisha matatu hadi Kondele.

Saa moja na nusu. Wagonjwa wamenitangulia, wa Siaya na Busia wameondoka kwao usiku. Naanza na majibu ya damu. Seli nyeupe zikiwa chini hakuna dozi, na aliyekopa nauli inabidi nimwambie arudi wiki ijayo. Miaka tisa, na hilo bado sijalizoea.

Saa tatu. Doksorubisini, ile wagonjwa wanaiita dawa nyekundu. Naisukuma polepole, kila mara nikivuta damu kidogo kuhakikisha kanula bado iko ndani ya mshipa, maana ikivuja inaunguza nyama. Mama wa Ahero amefumba macho. Dawa hii haichagui: inaua uvimbe, inang'oa nywele, inachubua mdomo, na moyo wenyewe lazima tuuchunge.

Saa tano. Mzee wa Luanda, saratani ya tezi dume, yuko kwenye dripu. Anatoa simu. "Sista, mjukuu wangu amenionyesha kuna watu wanatibu huu ugonjwa wangu kwa dhahabu na taa. Ni kweli ama ni matapeli?"

Navuta kiti. Ni kweli, Mzee. Namwambia awashe tochi ya simu na kuiziba kwa vidole. Vidole vinawaka vyekundu. Rangi nyingine zimemezwa humo ndani, nyekundu imepita. Ng'ambo ya nyekundu kuna mwanga ambao jicho haliuoni, infraredi ya karibu, nao hupenya nyama zaidi. Naomi Halas na Jennifer West, wakiwa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitumia chembe zenye kiini cha silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo, kilichovikwa dhahabu, upana wake kama nanomita 150, na nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni. Huingizwa kwa mshipa na kukusanyika kwenye uvimbe, kwa sababu mishipa ya uvimbe huvuja. Leza ikimulika, chembe hupata moto na kuunguza seli za saratani zilizozizunguka. Mahali pasipo na chembe, mwanga ule hauunguzi. Mahali pasipo na mwanga, chembe zimelala tu. Dawa yangu nyekundu ingekuwa na tabia hiyo, mama wa Ahero angebaki na nywele zake.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wanaume 16 wa Marekani waliojaribiwa hivyo, wote saratani ikiwa bado ndani ya tezi.

"Na mimi?"

Yake imeshafika mifupani. Leza huingizwa kwa uzi mwembamba mpaka penye uvimbe, pale pale tu. Haiwezi kuifuata mifupa yote. Namweleza hivyo kwa sauti ya chini, nimemshika mkono. Mtu mzima simfichi. Anazima tochi.

Saa saba. Ugali na omena, dakika kumi.

Saa tisa na nusu. Nimemtoa Mzee kanula. Anamwita mwanawe kutoka kwenye benchi nje, mwanamume wa miaka hamsini hivi. "Sista, mwandikie huyu kile kipimo cha damu. Yeye na ndugu zake watatu."

Naandika PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwenye karatasi. Mwana anaitazama, anasema yeye hana shida yoyote ya mkojo.

"Hata mimi sikuwa nayo," Mzee anasema, na kumtilia karatasi mfukoni.