Mwezi wa Kaskazi Uani Kwetu

Shangazi yangu alishuka kwenye boti ya Pemba tarehe 3 Februari akiwa na mizigo mitatu, na mmoja kati ya hiyo hakumruhusu mtu yeyote amchukulie. Lilikuwa fungu la ukindu lililozungushiwa kanga kuukuu, sehemu yake nyeupe na sehemu imekwisha kutiwa rangi ya zambarau. Tangu nilipokuwa msichana aliahidi kunifundisha kusuka, nami kwa miaka yote hiyo nilimkwepa kwa sababu ya masomo, kisha kazi, kisha watoto wadogo. Safari hii nilimwomba mwenyewe. Shaabani ilikuwa imeangukia Februari, Ramadhani ikingojewa mwanzoni mwa Machi, na nilitamani watu wa nyumbani kwangu wafuturu juu ya mkeka uliotoka mikononi mwangu, kwa kuwa ule wa plastiki tunaoutandika uani hubaki na joto la jua mpaka baada ya Magharibi.

Anayeijua Unguja anajua mwezi huu ulivyo. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijafika, na upepo wa kaskazi unavuma siku nzima bila ya kuleta wingu la maana. Kufikia saa nne asubuhi sakafu ya ua haikanyagiki kwa mguu mtupu. Mimi nina madebe kumi na mbili na ndoo kadhaa za rangi zilizopasuka, ambazo ndizo shamba langu, na kila mwaka Februari hunikuta nikiyakimbilia kwa maji saa sita mchana, mimea ikiwa imeshanyauka. Mwaka huu nilikuwa na kazi mbili zinazotaka unyevu kwa wakati mmoja, na ukindu ndio ulionifundisha saa za bustani.

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, hukatwa kabla hayajakunjuka, yakaanikwa juani mpaka yakapauka, kisha yakachanwa chane nyembamba. Zile zinazotakiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga. Chane ikiwa kavu hukatika inapokunjwa, kwa hiyo shangazi huzinyunyizia maji usiku na kuzifunga ndani ya kitambaa kilicholoa, zikalala humo. Baada ya swala ya Alfajiri huwa laini na hutii vidole. Zikipigwa na kaskazi kwa saa mbili tu huanza kukakamaa, na hapo yeye huweka kazi chini bila ya kubishana nazo. Nilipoona hivyo nilianza kumwagilia madebe yangu saa hiyo hiyo ya alfajiri, udongo ukiwa bado baridi na maji yakipata nafasi ya kuzama kabla ya jua kuyanyang'anya, kisha nikafunika juu kwa vipande vya makumbi ya nazi vilivyolowekwa. Mchicha niliousia tarehe 5, mbegu zake nikizichanganya na mchanga kwa kuwa ni ndogo mno, niliufunika kwa kuti mpaka ulipochomoza siku ya nne. Bamia ndiyo iliyolipenda joto kuliko sisi sote: nilichuma kila baada ya siku mbili, kwani ukiiacha siku ya tatu inakuwa na nyuzi na kisu kinagoma.

Tungule, yaani nyanya, zilinisikitisha. Zilitoa maua mengi ya njano, nikawa nayahesabu kila asubuhi, lakini katika usiku wa joto namna hii tungule haishiki tunda vizuri, na maua yalipukutika moja baada ya jingine. Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Katikati ya mwezi maji ya mfereji yalikatika kwa siku nne, nikachota kwenye kisima cha jirani ambacho kila kiangazi huwa na chumvichumvi, nikaona hakuna ubaya. Kufikia siku ya tano kingo za majani zilikuwa za kahawia na kavu kama zilizopitishiwa moto. Niliinama pale muda mrefu nikiyagusa, kwa kuwa miche hiyo niliikuza kutokana na mbegu za tungule za mama yangu. Sasa maji yote ya kuoshea mchele na mboga yanakusanywa kwenye beseni na kwenda kwenye madebe, na miche mitatu kati ya sita imetoa majani mapya.

Kusuka nako kulikuwa na siku yake ya machozi. Ukili, yaani ule utepe mrefu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa mkeka, wangu ni wa chane 13. Kila chane hupita juu ya mbili na chini ya mbili, ikifika pembeni hukunjwa na kurudi, na inapokaribia kwisha huungwa nyingine juu yake ili mwendo usikatike. Upana wake ni vidole vitatu, na mkeka tunaoutaka, wa futi 4 kwa futi 6, unahitaji mistari 24 ya pima moja moja, yaani futi 6 kila mmoja, itakayoshonwa ubavu kwa ubavu. Nilipofika pima ya saba nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Shangazi aliuchukua ukili, akaulaza mapajani, akaupitisha kidole gumba ukingoni polepole kama mtu anayesoma, kisha akasimama mahali fulani.

“Mwanangu, hapa umekonda.”

Nilikuwa nimeziacha chane mbili wakati wa kuunga, bila ya kujua, na kuanzia hapo pima mbili na nusu zilikuwa za chane 11. Nilimwomba tushone hivyo hivyo, kwa kuwa nani angepima? Akaniambia kwamba ukili mwembamba huwavuta wenzake wa pande zote mbili, na mkeka wa namna hiyo haulali chini hata ukiuwekea mawe. Nilifumua usiku ule, baada ya Isha, yeye akiwa ameketi kando yangu akisuka wa kwake bila ya kusema neno wala kunisaidia. Chane zilizofumuliwa hubaki na mikunjo ya zamani. Zinatumika tena, ila kila ninapozitazama nazitambua zilipo, na sasa nimezipenda kuliko nyingine.

Jioni zilikuwa zetu sote. Mume wangu na kaka yake hucheza bao barazani, na binti yangu wa mwisho amepewa kazi ya kuhesabu kete 64 kabla ya mchezo kuanza, kazi anayoifanya kwa uzito mkubwa. Mimi na binti yangu mkubwa huchuma asumini. Asumini huchumwa matumba yake yakiwa bado yamefumba, muda mfupi kabla ya Magharibi, kwani hufunguka usiku na kesho yake mchana yameshageuka rangi. Tunayatunga kwa sindano na uzi, tunatia kijiti cha mrehani katikati, na kikuba cha kwanza huwa cha shangazi. Yeye hukibandika kwenye buibui yake hata kama hatoki, na chumba anacholala kimekuwa na harufu ambayo nilikuwa sijaisikia tangu alipofariki bibi yetu.

Leo ni tarehe 28. Mchicha tumeuchuma kwa mara ya kwanza na kuupika kwa nazi. Ninazo pima 19, zote za chane 13, na tano zimebaki. Shangazi ameshaanza kuzishona zile za mwanzo kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, akisema kwamba tukianza mfungo na mkeka nusu, watoto watakaa juu yake na wakubwa watasubiri zamu. Boti yake ni wiki ijayo. Nimemwomba aahirishe safari. Hajakubali wala hajakataa, ila leo mchana nilimwona akichambua ukindu mweupe uliobaki na kuupanga kwa urefu. Chane za kesho nimezinyunyizia maji, na kitambaa chake nimekiweka chini ya mtungi, mahali panapodondoka matone.