Jino la chonge la chini kushoto

Ilikuwa Juni 2017, Mangalore, mvua za monsuni zimeshaanza na pale idarani kila kitu kina unyevu hadi mafaili ya wagonjwa yananuka ukungu. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa MDS ya othodontiki, yaani shahada ya uzamili ya kupanga meno na taya, na Jumatatu hiyo nina kesi ya kuwasilisha mbele ya idara nzima, maprofesa, wakubwa zangu wa mwaka wa tatu, wote.

Kwa wasioijua hii safari, kwetu Tanzania unasoma DDS, digrii ya kwanza ya meno, miaka 5, unafanya intanship mwaka 1, ndo unakuwa daktari wa meno kamili. Unang'oa, unaziba, unatibu mizizi. Ila ukitaka kupanga meno na taya, yaani hii kazi ya waya watu wanayoijua kwa jina la braces, lazima urudi darasani tena, na India ni miaka 3 mingine, na utafiti wako juu yake. Mi nilipata nafasi Mangalore. Nimekulia Tanga kwenye nyumba ya zamani ya vigae vyekundu, na nyuma ya kila kigae limegongwa neno Mangalore, utoto wangu wote nilidhani ni jina la tajiri fulani, mpaka barua ya chuo ilipofika ndo nikajua kumbe ni mji wanakotoka vile vigae.

Miezi ya mwanzo huoni mgonjwa, ni waya tu. Zoezi la kwanza unapewa waya wa chuma uliojikunja kutoka kwenye rola, uunyooshe kwa vidole mpaka ukiulaza juu ya kioo usinyanyuke popote. Lilinichukua siku 3. Ukimaliza unakunja pembe nne, duara, pembetatu, unavilaza juu ya karatasi ya grafu na vinatakiwa vifuate mistari, halafu ndo unafika kwenye klaspu ya Adams, kishikizo cha waya kinachobana gego, jina la daktari mmoja wa Belfast aliyeibuni. Waya milimita 0.7, koleo moja mkononi, na unatakiwa utoe vichwa 2 kama vya mshale vinavyoingia pale gego linapobonyea karibu na ufizi, kimoja mbele kimoja nyuma, na lile daraja katikati lisiguse jino. Unaweka alama kwa penseli, unakunja, unapima kwenye modeli ya plasta, umezidisha nusu milimita, unarudisha. Shida ni kwamba waya ukishaukunja na kuurudisha sehemu ileile unachoka, mara ya tatu unakatika mkononi. Ya kwanza iliyokubaliwa ilikuwa ya 41, nilikuwa nahesabu, na kidole gumba cha kulia kilishaota sugu pembeni ambayo ninayo mpaka leo.

Naeleza yote haya kwa sababu huo mwaka wa kwanza ulinijaza hivyo, mikono na macho. Nilijua kupima, kuchora, kukunja. Hilo ndo nililokuwa najivunia, na nilikuwa na haki ya kujivunia.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Binti wa Singida, miaka 21, anasoma famasi chuo kingine palepale mjini, Watanzania tulikuwa wengi tu pale. Alikuja kwa sababu meno ya chini yamebanana upande mmoja na yamehamia kushoto, kiasi kwamba akicheka mstari wa katikati wa juu na wa chini havikutani. Jino la chonge la chini kushoto hana. Juu ana mwanya, na kitu cha kwanza aliniambia hata kabla hajakaa vizuri, "Dada, mwanya wangu msiuguse." Nikacheka, nikauandika kabisa kwenye faili, kwa sababu pale kila mwanya unaonekana ni nafasi ya kuziba, nani angewaeleza kwamba kwetu mwanya unaimbiwa.

Historia yake nilichukua mimi, tena kwa Kiingereza. Mimi Mswahili, yeye Mswahili, tumekaa tunaulizana kwa Kiingereza, kwa sababu fomu ni ya Kiingereza na msimamizi amesimama nyuma yangu. Umewahi kuanguka ukaumia mdomo? Hapana. Umewahi kung'olewa jino? Hapana. Kuna mtu kwenu hana jino kama wewe? Sijui. Nikaandika: jino halikuumbwa. Na akaniuliza, hili sisahau, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo na mtoto wangu anaweza kuzaliwa hivi?" Nikamjibu inawezekana, mambo haya huwa yanafuata ukoo. Nilimjibu haraka hivyo huku nachanganya aljineti ya kuchukulia alama ya meno, na aljineti haisubiri, dakika chache tu imeganda.

Jumatatu nikasimama na kila kitu kimepangwa mezani. Modeli za plasta zimesuguliwa zinang'aa, picha za uso, sefalogramu, ile eksirei ya kichwa kwa upande, nimeichora kwa penseli nyembamba na pembe zote nimezipima. SNA yake, pembe inayoonyesha taya la juu limekaa mbele kiasi gani, ilikuwa nyuzi 87 na kipimo cha kawaida cha Steiner kinasema 82, nikasema taya la juu limetokeza, mkuu wa idara akanikatisha kwa upole, hizo 82 zilipimwa kwa Wazungu wa Marekani, hata sisi Wahindi hazitukai sawasawa, mwangalie binti mwenyewe kwanza, uso wake una shida gani? Nikatazama picha. Hauna shida. Nikafuta ile sentensi.

Halafu akaichukua OPG, ile eksirei inayoonyesha mdomo mzima, akaining'iniza kwenye boksi la taa, akakaa kimya muda. Pale jino linapokosekana, ndani ya mfupa, kulikuwa na kipande cheupe kidogo, hata punje ya mchele ni kubwa, hakina umbo. Mi nilikiandika kama uvimbe mdogo wa tishu za jino, unaotokea tu. Akasema, chonge ya chini kutoumbwa peke yake, meno mengine yote yapo, ni kitu adimu sana. Miaka yake yote ya kazi aliyoiona aliihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Akaniambia, "Ukikutana na kitu adimu, kwanza rudi ukaulize upya." Akaniambia nikae. Hakunigombeza, ila nilikaa moyo unadunda.

Usiku umeme ulikatika kwa ile mvua, nikawa nimeishika OPG naiangalia kwa taa ya simu, nageuza geuza. Nikaenda kwenye chonge ya kulia, ambayo ipo. Ina doa la kahawia na kishimo upande wa mbele, tulishaliona wote kliniki na nililipiga picha, nikaandika kasoro ya enameli nikaendelea. Kushoto jino limekuwa punje. Kulia jino limeota na kovu. Mahali palepale pande zote mbili.

Nikakaa kitandani. Meno ya nailoni.

Nikiwa intani kwetu tulipokea mtoto wa miezi 8, ameletwa anavuja damu mdomoni, ufizi wa chini umechimbwa pande zote mbili. Alikuwa na homa na kuhara, wakaambiwa ni meno ya nailoni, akapelekwa kwa mtu akachokolewa kwa spoku ya baiskeli. Kwa mtu asiyejua, ukipasua ufizi wa mtoto pale kwenye chonge unakuta kweli kitu laini cheupe, kinafanana na plastiki, maana jino la utoto bado halijakomaa. Kinatolewa kama mdudu, homa ikipoa yenyewe sifa inakwenda kwa fundi. Na chini yake ndo kuna kijimbegu cha jino la ukubwani, kinaharibiwa humohumo. Yote haya nilikuwa nayajua! Nilishamshika mtoto yule mikononi. Ila nilikuwa nimeyaweka kwenye kabati la dharura ya watoto, na hili la binti nimeliweka kwenye kabati la othodontiki, basi havikukutana hata siku moja.

Kesho yake nikamtafuta. Tulikaa kwenye benchi la korido nje ya kliniki, mvua inapiga bati la maegesho ya pikipiki kiasi kwamba unapaza sauti. Safari hii nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mdogo wangu, ulipokuwa mchanga ulitolewa meno ya nailoni?" Akaniangalia. Akasema hajui, kwao wengi walitolewa lakini yeye hajawahi kuambiwa, ngoja tumpigie mama.

Kwetu pale ilikuwa saa 10 na nusu jioni, Singida saa 8 mchana. WhatsApp ikashika, akaweka laudspika, na hapo ndo ninapojilaumu, ningemwambia aongee naye kwanza wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, wewe ndo daktari wake? Anatusumbua huyo?"

Tukaongea kidogo habari za huko, mvua, chakula kama kinalika. Halafu nikamuuliza. Akajibu bila kusita hata kidogo, kama mtu anayeulizwa tarehe ya ubatizo, "Ndiyo, alitolewa. Alikuwa na miezi 6, alitaka kufa huyo, anatapika usiku kucha hanyonyi. Bibi yake ndo alimshika kichwa. Mi nilitoka nje, sikuweza kuangalia." Akaeleza alivyopona baada ya siku 2 na jinsi walivyomlipa yule mzee kuku. Binti amekaa amekodolea simu.

Mama akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwani vipi, ndo hilo jino?"

Nikamwambia, "Ndo hilo mama."

Zikasikika sauti za watoto huko kwao, na kuku. Muda mrefu. Halafu akasema, "Miaka yote nasema kazaliwa hivyo. Kwa hiyo ni sisi."

Nilianza kusema maneno ya kidaktari, kwamba wengi walifanya, kwamba mlikuwa mnamwokoa, kwamba zahanati ilikuwa mbali, na yote ni kweli, ila binti akachukua simu, akazima laudspika, akaenda dirishani akawa anaongea Kinyaturu taratibu amenipa mgongo. Sikuelewa neno. Niliona tu anatikisa kichwa, hapana, hapana, kama anamkataza mama yake kitu.

Aliporudi macho mekundu lakini uso umefunguka, akaniuliza, "Kwa hiyo dada, hii siyo ya ukoo?"

Nikamwambia siyo. Nikamwambia nilikosea wiki ile, nisamehe, mtoto wako hatorithi hili. Akaniambia yeye na mchumba wake walishaanza kuliongelea.

Jumatatu iliyofuata nikasimama tena na modeli zilezile. Safari hii ilibidi nieleze, na niliona wenzangu wa Kihindi wanavyokunja uso kwenye spoku ya baiskeli, mpaka nyuma kabisa yule mwenzetu wa Sudan wa mwaka wa tatu, mtu asiyeongea vikaoni, akanyoosha mkono akasema hata kwao ipo, wanaiita haifat, na akasema Uganda pia. Ukumbi ukabadilika. Tukaangalia upya ile punje kwenye taa na sasa kila mtu anaona mabaki ya jino. Mpango wenyewe haukubadilika sana, kile kipande kitolewe na madaktari wa upasuaji kwanza maana mizizi tutakayoisogeza ingegongana nacho, kushoto chini tusing'oe kitu, gego dogo la kwanza lisimame badala ya chonge, mstari wa katikati urudi taratibu. Na mwanya ubaki, mkuu wa idara mwenyewe aliisoma hiyo kwa sauti. Mwisho akaniomba nimwandikie lile neno. Nikaenda ubaoni nikaandika kwa Kiswahili, meno ya nailoni, akalinakili herufi kwa herufi pembeni ya faili, na ule mstari wangu wa "halikuumbwa" akanipa kalamu niukate mwenyewe na kusaini.

Upasuaji ukafanyika, tukasubiri pakapona, ndo ikafika siku ya kumfunga waya. Nilipaka asidi sekunde 30, nikaosha, nikapuliza hewa mpaka enameli ikawa nyeupe kama chaki, isipokuwa ile chonge ya kulia yenye kovu, hapo nilihangaika, braketi yake, kile kidude kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, ilitoka mara 2 kabla ya kushika. Nikaingiza waya wa kwanza, nikeli titani wa inchi 0.014, ule mwembamba unaopinda unavyotaka halafu unarudi wenyewe polepole. Nikiwa nafunga raba ya mwisho simu yake ikaita mfukoni, akaitoa, akasoma, akacheka mdomo wazi na vishikizo vyangu bado vimo.

"Mama anauliza kama itauma."

Nikamwambia, mwambie siku 3 za mwanzo, ale uji.